Karai Aliloniachia

Mpaka leo nikisikia harufu ya ile dawa ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe, hasira hunipanda kabla hata sijakumbuka ni ya nini. Halafu nakumbuka, na hasira inageuka furaha, ile furaha ambayo mtu hawezi kwenda nayo kanisani. Sitaiombea msamaha. Nimezeeka nayo na tumezoeana.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilipunguzwa kazini. Ndivyo walivyosema siku hizo, kupunguzwa, kana kwamba mtu ni mahindi kwenye debe. Nilikuwa nimesoma botania chuo kikuu, kisha nikafanya kazi kwenye maabara ya utafiti ambako tulikuza migomba ndani ya chupa. Unachukua chipukizi la mgomba, unalimenya kama kitunguu mpaka ufikie kiini cheupe kinachotoshana na ncha ya kidole, unakiosha kwa ile dawa ya madoa, unakilaza juu ya rojo lenye sukari, chumvi na homoni kidogo, unafunga chupa. Baada ya wiki kadhaa kiini kinaanza kutoa watoto. Watoto nao unawatenganisha, kila mmoja na chupa yake, wanazaa wengine. Wafadhili walipoondoka tulirudishwa nyumbani, mimi na shahada yangu na ujuzi ambao hakuna mtu Thika nzima aliyeuulizia.

Aliyeuulizia hatimaye alikuwa mwalimu mmoja wa kemia. Alifundisha shule ya upili mjini, na likizo na wikendi alikuwa na darasa lake la tuisheni katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la nafaka, karibu na eneo la viwanda. Kule upepo ndio uliokuamulia kama utanusa mananasi yanayopikwa au ngozi za ng'ombe. Alikuwa mtu wa suti, na maneno yalimtoka tu, hayakuwa na breki. Akaniambia tuungane. Yeye afundishe kemia na fizikia, mimi nifundishe biolojia kwa watoto wa kidato cha nne, na wale wa vyuo niwafundishe bioteknolojia.

Wakati huo bioteknolojia lilikuwa neno ambalo kila mwanafunzi wa sayansi alikuwa nalo kwenye noti zake na hakuna aliyewahi kuliona kwa macho. Walinijia vijana kutoka vyuo vilivyoko kati ya Thika na Ruiru, wanaweza kukuchorea hatua zote na mishale yake, lakini ukiwapa chupa yenye mgomba mdogo wa kijani wanaigeuza huku na huku wakiuliza betri ziko wapi. Basi nikawaonyesha. Sufuria ya presha ilikuwa yangu. Sanduku la kioo lenye matundu mawili ya kuingiza mikono nilitengenezewa na seremala kwa maelekezo yangu. Taa ya spiriti ilikuwa yangu, chupa za jemu nilikusanya mwenyewe nyumba kwa nyumba. Yeye alileta rafu na taa ndefu za kuangazia. Hilo siwezi kumnyima.

Na nilikuwa na sheria moja. Kila mwanafunzi wangu, awe wa kidato cha nne au wa mwaka wa tatu chuo kikuu, alianzia kwenye karai. Ulikuwa unaosha chupa mpaka niinue moja kwenye mwanga nisione hata mstari wa sabuni. Wengine walinuna. Binti mmoja wa chuo kikuu alinuna wiki nzima, baadaye ndiye aliyekuwa akiwasimamia wageni kwenye karai kwa ukali kunishinda. Asiyeweza kuosha chupa hawezi kukabidhiwa kilichomo ndani, kwa sababu kule ndani hakuna kinga yoyote. Chembe moja ya ukungu ikiingia inakula ile sukari na kuufunika mmea kabla ya wiki kwisha. Ndiyo maana chupa hufunguliwa tu ndani ya sanduku, mbele ya moto, mikono ikiwa imeoshwa kwa spiriti. Haifunguliwi mezani. Haifunguliwi kwa sababu mgeni anataka kuona vizuri. Nilimwambia mwenzangu hayo siku ya kwanza, na akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza.

Mimi mwenyewe niliosha pamoja na wanafunzi, mikono ndani ya karai, na hapo ndipo mwenzangu alipopata neno la kuniitia.

Siku aliyowaita wazazi waone rafu, alisimama mbele yao akaeleza kila kitu nilichomweleza mimi, kwa maneno yangu, hata mfano wa kitunguu. Wazazi walivutiwa sana. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni nilikokuwa nimesimama na aproni yangu. "Na huyu mama ndiye hutusaidia kuosha chupa," akasema. Wakanipigia makofi. Na mimi, mjinga, nikatabasamu! Jioni ile nilikaa na kikombe cha chai nikitunga majibu mpaka chai ikapoa.

Kesho yake nilimwambia, "Mwalimu, mimi nina digrii kama wewe."

"Aah, si unajua wazazi," akacheka. "Ukiwaambia walimu ni wengi wanakonfyuzika. Wewe endelea tu na zile chupa. Nikikuhitaji nitakuita."

Nikaendelea. Niliendelea kwa sababu ya mimea, na kwa sababu wale vijana walikuwa wameanza kuuliza maswali mazuri. Nilihamisha miche yote kwenye rojo jipya, chakula cha kuitosha miezi miwili hivi. Jumatatu moja nikapanda ngazi, nikakuta mlango wazi na chumba kitupu. Rafu haikuwepo. Taa, chupa, sanduku langu, sufuria yangu ya presha, vyote havikuwepo. Katikati ya sakafu kulikuwa na karai, limefunikwa kifudifudi.

Nilishuka nikamuuliza mwenye duka la nafaka. "Si walihamia Ruiru jana na pikapu?" akasema. "Mimi nilidhani unajua." Jana yake ilikuwa Jumapili, na mimi nilikuwa kanisani nikiombea watu mitihani.

Watu waliniuliza kwa nini sikwenda polisi. Niende niseme nini kwenye kaunta, kwamba nimeibiwa migomba iliyokuwa ndani ya chupa za jemu? Wangenipa kiti nipumzike. Sufuria ningeweza kununua nyingine. Hata miche yenyewe haikuniuma kama makofi ya wale wazazi. Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka mpaka nikawa sipati hamu ya kula. Nilitaka mtu yule aniite mwalimu, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu aliowaambia kwamba mimi ni mwosha chupa.

Nikachukua karai langu nikarudi kwetu Mugutha kwa mama.

Mama alikuwa na shamba dogo, kahawa kidogo aliyoichoka, na migomba nyuma ya jikoni pale maji ya vyombo yanapomwagika. Chipukizi la kwanza kabisa, lililozaa zile chupa zote zilizoenda Ruiru, nilikuwa nimeling'oa pale. Nikang'oa jingine. Nilianza upya jikoni mwake, na sufuria ya presha ya kuazima kwa jirani na sanduku la pili kutoka kwa seremala yule yule, ambaye hakuniuliza la kwanza lilienda wapi. Mama alinitazama tu. Siku nilipomwonyesha kijani cha kwanza ndani ya chupa alishika kifua. "Ngai, Mungu wangu! Kametoka kwa ile ndizi yangu?" Nikamwambia ndiyo, Mami, ni kajukuu kako.

Basi akataka kukabariki. Kwetu mtu mzima akimwona mtoto mgeni hambariki kwa maneno matupu. Hutema mate kidogo, kwenye viganja vya mtoto au kifuani pake, tfu, tfu, na kumtakia maisha marefu. Mimi nimetemewa, watoto wa ndugu zangu wametemewa, na hakuna mama wa mtoto anayerudi nyuma, maana anayekataa mate ya mzee anajua laana anayoiita. Mama akanyoosha mkono kuchukua chupa, kidole gumba tayari kwenye kifuniko. Nikaruka. "Mami, hapana! Ukifungua itakufa."

"Kwa nini ikufe?"

Nikamweleza. Ukungu, vijidudu, hewa ya jikoni, na mate pia, mate hasa. Sura yake ikabadilika. "Kwa hivyo mate yangu ni uchafu," akasema. "Mate yaliyokulea." Siku mbili hakunisemesha ila kuniambia chakula kiko tayari.

Wiki hiyo hiyo nilikutana na yule binti wa chuo kikuu sokoni Ruiru. Alisimama akiwa na kabichi mkononi. "Madam! Kumbe uko? Mwalimu alituambia ulipata job Kisumu." Nikamwuliza mambo yanaendaje. Akaangalia pembeni. "Hatushiki kitu. Anatuonyesha tu kwa shelf halafu anatupatia noti. Na mimi project yangu inataka mimea, lekchara amekataa michoro." Kisha akaniambia kwamba Jumamosi itakayofuata kungekuwa na siku ya wazazi. Wazazi wa Ruiru na Thika, chifu pia, waone maajabu, na likizo ya Agosti waandikishe watoto.

Nilimwambia chupa za project yake ziko Mugutha kwa mama, aje na wenzake baada ya siku hiyo ya wazazi, na asimwambie mtu. Nilikuwa nazo za kuwatosha, changa bado, lakini safi. Nikarudi nyumbani nikimwaza yule mtu na suti yake mbele ya chupa zangu, na nikiwaza mama aliyeninunia jikoni, na mambo hayo mawili yakakutana kichwani mwangu karibu na kituo cha treni. Nilicheka peke yangu barabarani. Watu walinipisha.

"Mami," nikamwambia jioni, "bado unataka kubariki ile migomba?"

Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua uso. "Si ulisema itakufa?"

"Hii yangu ndiyo sitaki ife. Kuna ingine Ruiru. Ni ya ndizi yako vilevile. Ilichukuliwa."

"Ni yule wa makofi?" akauliza, maana nilikuwa nimemwambia habari yote. Nikasema ni yeye. Mama akapepeta sinia, akapuliza maganda. "Nitavaa ile leso ya Mothers," akasema, yaani ile ya akina mama wa kanisa, aliyoiweka kwa harusi na mazishi.

Jumamosi tulikwenda wazi, mchana, bila kujificha. Hakuna mwanamume wa kwetu anayeweza kumfukuza mwanamke aliyeshikana mkono na mama yake mzee. Yule mwalimu alituona mlangoni, akashtuka, kisha meno yote yakatoka. Chumba kilikuwa kimejaa, akina mama mbele, wazee pembeni na kofia zao magotini, chifu kwenye kiti chenye mto. Rafu ilikuwa ukutani, taa zikiwaka, na nikaona miche yangu imekua vizuri. Hapo moyo uliniuma, nisiseme uongo.

"Karibu cucu, karibu," akamwambia mama, akimwita bibi kwa lugha yetu. Kisha akawageukia wageni. "Huyu mwingine ni yule mama aliyekuwa akituoshea chupa kule Thika. Hajatusahau." Wakacheka kwa upole. Nikaketi. Hofu yangu yote juu ya jambo tulilokuja kufanya ikaniishia palepale.

Alihutubu kwa muda mrefu. Alifika kwenye mfano wa kitunguu. Alipomaliza aliuliza kama kuna swali, na mama akainuka taratibu, akishikilia bega langu.

"Mimi ni mkulima," akasema. "Nimekuja kuona hawa watoto. Lakini mwarimu, mtoto mgeni haonwi bila kubarikiwa. Nifungulie huyu mmoja."

Akina mama wakaitikia, ĩĩ, wakasogeza viti. Mtu yule akatabasamu. "Cucu, asante sana, lakini hizi hazifunguliwi."

"Kwa nini?"

Akafungua mdomo. Angeweza kueleza. Maelezo nilimpa mwenyewe, yalikuwa mafupi na ya kweli. Lakini ilibidi aseme, mbele ya akina mama wale wote, kwamba mate ya mzee aliyesimama mbele yake yana vijidudu. Mama akamsaidia. "Ama mate yangu ni machafu?"

Chifu akakohoa. Mtu yule akanitazama, na macho yake yaliomba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ningeweza kusema neno moja. Ningesema, Mami, tubariki kwa nje, juu ya kioo. Niliinama nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi la Mugutha, na nikavikung'uta vizuri, kimoja baada ya kingine.

"La hasha, cucu, la hasha!" nikamsikia akisema. Kisha nikasikia kifuniko kikifunguka.

Mama alibariki kwa moyo wote. Tfu, tfu, mkue, mzae, mjaze nyumba. Na ndivyo mila ilivyo, mmoja akibariki wengine hawaketi tu. Akasimama wa pili, akasema na yeye apewe wake. Akasimama wa tatu. Chupa zikashuka kutoka kwenye rafu, zikapita mkono kwa mkono kama mtoto wa siku nane, mmoja ananusa, mwingine anagusa jani kwa kidole, mwingine anasema kanafanana na cha kwake nyumbani. Walipomaliza safu ya juu wakaomba ya chini, ili wale wa chini wasione wivu. Yeye alikuwa akifungua tu, jasho likimtoka, akirudia asanteni, asanteni. Chifu alibariki ya mwisho.

Njiani kurudi, mama aliniuliza kama kweli zitakufa. Nikamwambia zitakufa. "Basi si mimi," akasema. "Mimi nilibariki ile ndizi yangu, na iko Mugutha. Baraka inajua kwao." Kinyongo chake kiliisha siku hiyo, na usiku akanipakulia nyama ya mfupa.

Kabla wiki haijaisha yule binti alikuja na wenzake, wakipiga hodi langoni kwa vishindo. "Madam, zote zimeisha! Zimemea manyoya, meusi, mengine ya kijani. Mwalimu anasema ni stima ilipotea, taa zikazima." Nikauliza kwa nini asianzishe nyingine, machipukizi yamejaa kila shamba. Wakanieleza. Walikuwa wamempelekea chipukizi zima na udongo wake, akalizunguka na kisu kama mtu anayetafuta mlango, kisha akasema atalishughulikia wiki ijayo. Hakujua mahali pa kukata. Alikuwa amejifunza hotuba tu.

Niliwaonyesha karai. Wakaosha. Na wazazi, ambao watoto wao walitoka Ruiru kuja kusoma jikoni kwa mama mzee kule Mugutha, wakaanza kuuliza ni nani anayefundisha huko.

Mtu yule mwenyewe alikuja Jumamosi moja ya Agosti. Darasa lilikuwa limejaa uani, wanafunzi kwenye viti vya kuazima, na mama wa binti yule alikuwa amekuja kuona, mmoja wa wale waliopiga makofi. Suti ile ile. Alisimama nje ya lango, hakuthubutu kulisukuma.

"Mwalimu," akaita.

Wanafunzi wakageuka. Mama wa binti akageuka. Nilijifanya sijasikia, nikaendelea kuzungumza juu ya homoni.

"Mwalimu!" akaita tena, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Naomba kukuona kidogo."

Nikaenda langoni nikijifuta mikono. Akaniambia shida yake kwa sauti ya chini. Likizo ilikuwa imeanza, wazazi walikuwa wanauliza rafu ina nini, chifu mwenyewe alikuwa ameuliza. Nimfundishe tu namna ya kuanzisha. Siku moja inatosha. Sufuria yangu ya presha na sanduku langu la kioo alikuwa amevileta, viko hapo kwenye pikapu.

"Vishushe," nikamwambia. Akavishusha. "Wanafunzi wangu wote huanzia mahali pamoja."

Nikamwonyesha karai. Alilijua, niliona kumbukumbu ikimpita usoni. Lakini alivua koti, akatafuta pa kulitundika, akakosa, akampa yule binti amshikie. Alikunja mikono ya shati, akachuchumaa uani mbele ya darasa lake la zamani, na akaosha chupa zangu. Nilirudi kwenye somo. Sikuharakisha. Mama alitoka jikoni na birika akamwongezea maji ya moto, akamwambia asante baba.

Alipomaliza alisimama, magoti yakilia, mikono imekunjamana kwa maji. "Sasa, mwalimu?"

"Sasa nenda nyumbani," nikasema. "Nikikuhitaji nitakuita."

Akachukua koti lake kwa binti. Pikapu ilipotokomea niliinua chupa ya kwanza kwenye mwanga. Ilikuwa na sabuni. Ya pili pia. Nikazirudisha zote ndani ya karai, nikachuchumaa pale alipokuwa amechuchumaa, na nikaziosha upya moja moja. Binti alinishangaa, akauliza kwa nini naimba.